Nimegonga, Yaishe

Vijana ninaokaa nao mtaa mmoja hapa Nyamirambo wana neno lao: "nimegonga". Mwenye nyumba akipandisha kodi na mpangaji akachoka kubishana, anasema nimegonga. Ubishi wa Rayon Sports na APR ukimfika mtu shingoni, anapiga meza kwa kiganja mara mbili, pa-pa, na kila aliyekaa pale anaelewa. Juzi dada mmoja anayeuza sambaza alipiga hivyo hivyo kwenye ukingo wa beseni lake, baada ya mteja kumkata bei mara ya nne. Najua neno kugonga lina maana zingine za mtaani. Wanaocheka wacheke kwanza, halafu tuendelee.

Neno lenyewe vijana wamelitoa kwenye mapigano ya simu. Wanaangalia video za wale wanaopigana ndani ya uzio wa chuma, ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, mchezo ulioanza kujulikana duniani tarehe 12 Novemba 1993, pale Denver, Marekani, kwenye shindano la kwanza la UFC. Siku hiyo Mbrazili mmoja mwembamba, Royce Gracie, aliwashinda watu wenye miili kumzidi. Hakuwapiga sana. Aliwashika tu mpaka wakagonga. Ukishikwa mkono ukakunjwa kinyume cha kiwiko, au ukapigwa kabali ya shingo, una sekunde chache za kuamua: mfupa uvunjike, fahamu zipotee, au upige kwa kiganja mwili wa mwenzako, au sakafu, aachie. Huna haja ya kusema. Mara nyingi hata sauti haipo, koo limebanwa.

Kuna kisa cha usiku ule ninachokipenda kuliko ushindi wenyewe. Gracie alimkaba Ken Shamrock, Shamrock akagonga, Gracie akaachia. Refa hakuona. Akawaambia waendelee. Shamrock angeweza kuendelea, nani angemzuia? Gracie akamwambia, wewe umegonga, unajua umegonga. Shamrock akakubali kwamba ndiyo, nimegonga, na pambano likaishia hapo. Lilikuwa halijafika hata dakika moja. Ndani ya ukumbi ule wote, mkono ule ulikuwa na mashahidi wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na hasara ya kusema ukweli.

Kugonga kwenyewe ni kwa zamani zaidi ya UFC. Kano Jigoro alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na kwenye judo mtu anagonga mara mbili au zaidi, kwa mkono au hata kwa mguu kama mikono imefungwa, au anasema "maitta", yaani nimeshindwa. Anayegonga leo anarudi kesho kufanya mazoezi, na mwenzake pia anarudi, kwa sababu wote wanajua kwamba mkono ukigonga, kabali inaachiwa. Bila hiyo hakuna mtu angekubali kufundishwa kukabwa.

Wapo waliokataa. Tarehe 23 Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Hélio Gracie, baba yake Royce, alipambana na Mjapani Masahiko Kimura. Kimura alimshika mkono akaukunja mpaka ukavunjika. Hélio hakugonga. Kaka yake Carlos ndiye aliyetupa taulo. Mpaka leo mkunjo ule wa mkono unaitwa Kimura, na wapenzi wa mchezo wanamsifu Hélio kwa ujasiri. Mimi namsifu Carlos. Mwenye kuumia ana haki ya kuwa mkaidi, lakini mtu wa pembeni anayeona mfupa unavyokwenda ana kazi yake pia.

Kwenye ngumi hiyo kazi ina historia ndefu. Kabla ya taulo ilikuwa sifongo: msaidizi wa bondia, aliyekaa kona na ndoo ya maji ya kumwosha damu, aliirusha juu kuonyesha kwamba mtu wake basi. Waingereza baadaye wakahamia kwenye taulo, ila Kifaransa kimebaki na sifongo yake, ndiyo maana wale wetu waliosoma Bukavu au Goma wanasema kwa Kifaransa kwamba fulani ametupa sifongo, na hapa Kigali wenye Kiingereza wanasema taulo, na wote wanamaanisha ndoo moja.

Kwa mabondia wakubwa pia, kuacha kumegeuza historia. Muhammad Ali, wakati ule bado anaitwa Cassius Clay, ana miaka 22, alipata ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tarehe 25 Februari 1964 pale Miami Beach kwa sababu Sonny Liston alibaki amekaa kwenye kiti chake, hakutoka kwa raundi ya 7. Alisema bega. Watu hawakumwamini. Sisi watoto wa Kongo tumelelewa na hadithi ya Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, raundi ya 8, Foreman chini, uwanja mzima unaimba kwa Kilingala. Hadithi tamu, lakini Foreman hakukubali chochote, alihesabiwa tu. Kwa mambo ninayozungumzia hapa, pambano kubwa ni la mwaka uliofuata, Manila, Ufilipino, tarehe 1 Oktoba 1975. Ali na Joe Frazier walikuwa wamepigana raundi 14 kwenye joto la kuua. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, ngumi za mkono wa kulia wa Ali hazioni. Imebaki raundi moja. Frazier anataka kwenda. Kocha wake, mzee Eddie Futch, akamwambia kaa chini, imekwisha. Kona ya pili Ali naye alikuwa hoi, na hata akasema baadaye kwamba alikaribia kifo siku ile. Wapo wanaomlaumu Futch mpaka leo kwa dakika tatu zile. Frazier aliishi miaka mingine 36.

Roberto Durán hakuwa na Futch. New Orleans, tarehe 25 Novemba 1980, raundi ya 8, akiwa anachezewa na Sugar Ray Leonard, aligeuka akampungia refa mkono kwamba basi. Magazeti yakaandika kwamba alisema kwa Kihispania "no más", yaani basi, hakuna tena. Mwenyewe amekana kwamba alisema hivyo. Hakuwa amevunjika mahali. Alikuwa amechoka kudhalilishwa. Mtu aliyeshinda mapambano zaidi ya 70 kabla ya usiku ule, ulimwengu umemkumbuka kwa mkono mmoja aliopunga.

Sasa tuje kwetu. Je, Kiswahili kilikuwa kinasubiri UFC ndiyo kipate namna ya kusema nimeshindwa? Wapi. Mtu anayeacha kazi au mashindano, magazeti ya Dar es Salaam yanasema amebwaga manyanga. Manyanga ni vile vibuyu vyenye mbegu ndani vinavyotikiswa kwenye ngoma. Ukivitua chini, ngoma kwako imeisha, wenzako waendelee. Kuna na msemo unaopendwa sana na wanamichezo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Halafu kuna lile la nyumbani, la wake na waume, la majirani waliogombania maji: "yaishe". Nimekubali, yaishe. Na wa Kivu tunasema biishe. Hilo ndilo ninalolipenda kwa sababu halisemi nani ameshinda.

Kule Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa, wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba kumaliza chuki za mwaka mzima. Hakuna anayehesabu pointi. Wakichoka, yameisha.

"Kusalimu amri" lina harufu nyingine kabisa, ya kambi ya jeshi. Kusalimu ni kukabidhi: unamkabidhi mwenzako amri, kuanzia sasa wewe ndiye unayeamrishwa. Na Kiswahili hapa Kigali, tusijidanganye, sehemu kubwa kiliingia kwa njia hiyo. Mjerumani Richard Kandt aliweka makao yake hapa mwaka 1907, akaja na askari na wafanyabiashara wa kutoka pwani na Tabora, na lugha ya kuamrishana ilikuwa Kiswahili. Mei 1916 Wabelgiji wakautwaa mji, nao wakaja na askari wa Kongo wanaosema Kiswahili cha kwao. Wenye lugha hii wakapangiwa mtaa wao upande wa Biryogo, ukaitwa Camp Swahili. Ilichukua karne nzima na zaidi mpaka Kiswahili kikawa lugha rasmi ya Rwanda, mwaka 2017. Kwa hiyo babu zetu wa lugha hii waliona watu wengi wakisalimu amri, na wao wenyewe wakasalimu. Vita vile vya kwanza, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Ulaya vita vilikwisha tarehe 11, wiki mbili nyuma. Jenerali von Lettow-Vorbeck alirudi kwao akapokewa kama shujaa ambaye hakushindwa. Askari wake Waafrika zaidi ya 1,000, na wapagazi wengi kuliko hao, walisalimu pamoja naye siku hiyo hiyo, na hakuna mji wa Ulaya uliowaandalia gwaride.

Kinyarwanda kinasema kumanika amaboko, kutundika mikono juu, kama nguo kwenye kamba. Ni picha inayoonekana kwa mbali, na hilo ndilo lengo: aliye na bunduki aone kwamba vidole viko wazi.

Lakini aone, halafu? Hapa ndipo mchezo na vita vinaachana. Sheria ipo. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zinakataza kumuua au kumjeruhi adui aliyeweka silaha chini na kujisalimisha, na zinakataza pia kutangaza kwamba hakuna atakayeachwa hai. Mikataba ya Geneva ya 1949 inarudia kwamba aliyeweka silaha chini atendewe kwa utu. Ni sheria ya kugonga, iliyoandikwa na wanasheria. Katikati ya mji huu, mahali panapoitwa Camp Kigali, kuna nguzo 10 za mawe na jengo lenye matundu ya risasi. Tarehe 7 Aprili 1994 wanajeshi 10 wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, waliweka silaha zao chini. Wakapelekwa pale, wakauawa. Waziri Mkuu naye aliuawa asubuhi hiyo. Na wale zaidi ya hao, mamia ya maelfu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, siwezi hata kuwaweka kwenye habari hii ya kusalimu amri. Hawakuwa wanapigana na mtu. Hakukuwa na kitu cha kukabidhi ambacho kingemfanya muuaji aachie.

Nikiwa na hayo kichwani, siwezi kulisikia "nimegonga" kama mzaha mtupu. Anayegonga ana imani kubwa na anayemkaba.

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenganisha na familia akiwa na miaka 9. Mama yake aliuawa. Yeye akajificha msituni siku kadhaa mpaka akaokotwa, akapelekwa Kinshasa, na huko kwenye kituo cha watoto akajifunza judo. Yolande Mabika naye ni wa Bukavu, naye alitenganishwa na wazazi kwa vita, naye akaokolewa na judo. Wote wawili wamesimulia jinsi walivyotendewa na makocha kila waliposhindwa: kufungiwa, kunyimwa chakula cha kutosha. Fikiria mchezo uliojengwa juu ya kukubali kushindwa bila kuumia, halafu mtu anakusubiri nje ya mkeka na kufuli. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, na huko huko wakaomba hifadhi. Wakalala pabaya, wakafanya vibarua. Tarehe 10 Agosti 2016, mji ule ule alikovunjwa mkono Hélio Gracie, waliingia kwenye mkeka wa Olimpiki wakiwa na timu ya kwanza ya wakimbizi, wanamichezo 10. Mabika alishindwa mapema na Linda Bolder wa Israel. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Watu wa ukumbini walimshangilia aliyeshindwa. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa mbele ya watu wengi bila kuogopa jioni yake.

Nyumbani mama yangu anawategea wajukuu vitendawili, umeme ukikatika hasa. Wanaojua Kinyarwanda wanaanza na sakwe sakwe, soma. Mama anabaki na vyake. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Ukishindwa, Kiswahili kinakutaka ulipe, na malipo ni mji. Nipe mji. Unatoa Mombasa, au Tabora, au mji wowote, na mtegaji anaupokea, anatembea ndani yake kidogo, anasema nilifika, nikakaribishwa, nikala, nikalala, halafu ndiyo anakupa jibu: yai. Sijui lugha nyingine ninayoisema ambayo mtu akishindwa kufikiri anatoa mji mzima. Wanangu wamezaliwa hapa. Wanatoa Kigali bila kuwaza, wanatoa Paris, wanatoa Dubai. Siku moja mdogo akatoa Uvira. Mama akanyamaza. Akasema, huo sipokei, toa mwingine. Mtoto akatoa Huye, na mchezo ukaendelea.

Kisa hiki nimekiwaza nilipomsikia kijana mmoja akisema juu ya jirani yetu aliyejiandikisha kurudi kwao: "mzee amegonga". Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na sikukubali pia. Yule mzee alikaa Kigali miaka 9. Alihesabu alichonacho, akauliza habari za kwao kwa watu aliowaamini, akazungumza na mke wake usiku mwingi, sisi wa ukuta wa pili tunasikia manong'ono. Kugonga ni kwa mtu aliyebanwa sekunde ya mwisho. Kama kuna neno la alichofanya, ni kubwaga manyanga: kavitua mwenyewe, kwa mkono wake, polepole visipasuke. Na wapo wengine, nawajua, waliojiandikisha kurudi kwa sababu posho imepunguzwa mpaka hawawezi kulisha watoto. Hao ndiyo wamegonga. Fomu ni ile ile, sahihi inawekwa mahali pale pale, na neno lililoandikwa juu ya karatasi ni "kwa hiari".

Wenzetu wa mashirika, hapa naomba niongee nanyi kidogo, kwa sababu neno letu la kila siku ndilo gumu kuliko yote. Kushindwa, kwa Kiswahili, ni kupigwa na mwenzako kwenye mchezo, na pia ni kutoweza. Nimeshindwa kuja: sikuweza. Nimeshindwa kulala. Timu imeshindwa mbili bila. Ni neno moja. Sisi wa Kivu tunasema pia bimenishinda, yaani mambo yenyewe ndiyo yameshinda, mimi niko chini yao kwa leo. Ndani ya neno hilo hakuna habari ya kama mtu ameacha au bado anang'ang'ana. Anayesikiliza lazima aulize.

Mama mmoja wa kwetu alikwenda kwenye ofisi moja, siitaji, kueleza habari ya mtoto wake. Pesa za yunifomu na chakula cha shule. Akasema bimenishinda. Mkalimani alikuwa na haraka, akafasiri kwamba mama ameamua kumwachisha mtoto shule. Ikaandikwa. Kwa wiki kadhaa jina la mtoto likawa limetoka kwenye orodha ya wanaotafutiwa msaada, na mama hajui, anasubiri simu. Alipoenda mara ya tatu alimkuta mkalimani mwingine, binti wa Uvira. Yule binti akasoma faili, akainua kichwa, akamuuliza: mama, bilikushinda ama uliacha?

Mama akamjibu: "Sina ya kulipa, mwanangu. Nikipata kesho, kesho nalipa."